Somo Kiganjani, Mtihani Ghorofani

Mvua zikishakolea mkoani Simiyu, udongo mweusi wa mbugani hugeuka gundi. Mkulima wa pamba anaujua vizuri, maana hutoka shambani kila mguu umebeba tope. Bodaboda anaujua zaidi: yeye ndiye anayeshuka njiani na kuchokonoa matope kwa kijiti kati ya tairi na madigadi. Sasa weka juu ya udongo huo kiti mwendo chenye vigurudumu viwili vidogo mbele. Hakiendi. Vigurudumu vile vilitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya wodini, na kwenye njia ya kutoka uani hadi barabarani vinazama kabla mwenye kiti hajafika hata kwa jirani.

Mazungumzo ya chuo kikuu kwa kijana mwenye ulemavu wa viungo wa Itilima, Meatu au Busega yanaanzia hapo. Anaweza kuwa na ufaulu mzuri wa kidato cha sita. Anaweza kuwa na simu janja, bando na kichwa chepesi cha kushika mambo. Swali linabaki lile lile: atatokaje nyumbani?

Ndiyo maana masomo ya mseto yamepokewa na wengi kwa shangwe. Mhadhara unausikiliza ukiwa kitandani, kazi unaituma kwa simu, halafu siku chache katika muhula unafika kwenye kituo cha chuo kwa vipindi vya ana kwa ana, majaribio na mitihani. Kwa mtu anayemaliza nusu ya nguvu zake za siku kwa kufika tu darasani, utaratibu huo ni nafuu kubwa. Lakini ni zile siku chache za kufika kituoni zinazoamua nani atahitimu, na ndizo zinazozungumzwa kidogo kuliko zote.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, makao makuu yakawekwa Bariadi, na wilaya zikawa tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1, na sensa hiyo hiyo iliweka kiwango cha ulemavu kitaifa kuwa zaidi ya asilimia 11. Ni mkoa wa pamba, dengu na ng'ombe, wenye lami nzuri inayotoka Lamadi karibu na Ziwa Victoria, ikapita Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi inakokutana na barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza. Ukishakuwa kwenye lami hiyo huna shida. Kazi ni kuifikia.

Kwa miaka mingi kijana wa huku aliyechaguliwa chuo kikuu alifunga begi kwenda Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam. Kwa mwenye ulemavu, barua ya kuchaguliwa ilileta furaha na hesabu mpya kwa pamoja. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekaa kilimani, na majengo yake ya zamani yamepandana na mteremko wa ardhi. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandazwa kwenye eneo kubwa la vilima, ndaki moja ikiwa mbali na nyingine kiasi kwamba hata mwenye miguu miwili mizima hupanda daladala.

Chuo kilichotangulia kuliona jambo hili kwa namna nyingine ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kazi mwaka 1993 chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, na badala ya kuwakusanya wanafunzi mahali pamoja kikaweka vituo mikoani. Enzi hizo intaneti ilikuwa habari za watu wa mbali. Mwanafunzi alipewa vitabu vya kozi, akajisomea kwake, akakutana na wahadhiri kwa vipindi maalumu kituoni, akafanyia mitihani hapo hapo. Huo ulikuwa mseto kamili. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba vitabu vya kwenye bahasha vimehamia kwenye mfumo wa kompyuta. Simiyu nayo ina kituo chake cha mkoa, Bariadi mjini.

Vyuo vingine viliamshwa na corona. Machi 2020 vilifungwa, na hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni ilikuwa imedhihirika kwamba vingi havikuwa na utaratibu wowote wa kumfundisha mtu aliye mbali. Wanafunzi walirudi kwao wakasubiri. Baadaye Tume ya Vyuo Vikuu ikatoa mwongozo wa ufundishaji wa mtandaoni na wa mseto, na sasa vyuo kadhaa vinatangaza programu za aina hiyo, hasa za uzamili, kwa kuwa zinamfaa mfanyakazi wa ofisini asiyepata likizo. Watu wenye ulemavu walikuwa wameomba jambo hilo hilo kwa miaka na kuambiwa haliwezekani. Liliwezekana baada ya wasio na ulemavu nao kufungiwa milango ya chuo.

Mfumo unaotumiwa na Chuo Kikuu Huria na vyuo vingi vya Afrika Mashariki unaitwa Moodle. Aliyeuanzisha, Martin Dougiamas, alikulia sehemu za ndani kabisa za Australia Magharibi, ambako shule ilimfikia kwa redio ya masafa mafupi. Toleo la kwanza kamili alilitoa mwaka 2002, na akaliacha liwe la bure. Labda ndiyo sababu mfumo huo unamfaa mtu wa Lagangabilili wilayani Itilima kuliko mingine mingi: programu yake ya simu inakuruhusu kupakua maandishi na kazi ukiwa mahali penye mtandao, ukasome nyumbani bila hata mnara mmoja kuonekana, kisha majibu yatumwe ukirudi penye mtandao.

Kuna uwezo mwingine ndani yake ambao wanafunzi wengi hawaambiwi. Chukua mwanafunzi mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake hutetemeka, anayeandika kwa kidole kimoja. Anapewa jaribio la mtandaoni la dakika 30 na wenzake. Majibu anayajua, ila saa inamalizika akiwa kwenye swali la nne. Katika Moodle mhadhiri anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja, kwa jina lake, bila kuwagusa wengine na bila wengine kujua. Ni suala la kubofya mara chache. Kinachotakiwa ni mhadhiri ajue kwamba mwanafunzi huyo yupo darasani kwake, na mwanafunzi ajue kwamba kuomba siyo kubebwa. Baraza la Mitihani limekwisha kuzoea jambo hili: kwenye mtihani wa darasa la saba, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto aliyeongezewa dakika darasa la saba hajapona akifika chuo kikuu.

Na anayeandika kwa mkono mmoja ajaribu hili kwenye kompyuta yoyote ya Windows, hata ile iliyochoka ya steshenari mjini Bariadi: bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kompyuta itauliza kama unataka vitufe vishike vyenyewe. Ukikubali, amri zinazohitaji vitufe viwili kwa mpigo utazitoa kwa kubonyeza kimoja kisha kingine. Hakuna cha kununua wala cha kusakinisha. Kuandika kwa sauti nako kupo: tangu mwaka 2017 kibodi ya Google kwenye simu inasikia Kiswahili, na inasikia vizuri. Tatizo ni kwamba kazi za chuo kikuu zinaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chetu chenye lafudhi ya Kisukuma bado kinaitatiza mashine hiyo mara kwa mara.

Tukiwa wakweli, darasa lenyewe hasa liko WhatsApp. Huko ndiko kiongozi wa darasa anakotuma picha ya ubao iliyopigwa kwa upande, sauti ya mhadhiri ya dakika 14, na tangazo kwamba chumba cha mtihani kimebadilishwa. Kwa mwanafunzi asiyeweza kufika kila mara, kundi hilo lina thamani kuliko mfumo rasmi wa chuo. Lina hatari yake pia. Tangazo la kubadilisha chumba likitumwa saa moja asubuhi, aliye na miguu anakimbia. Wa magongo anasoma ujumbe huo akiwa kwenye chumba cha zamani, upande wa pili wa uwanja.

Gharama za mtandaoni siyo ndogo. Saa moja ya mhadhara wa video inaweza kula gigabaiti nzima, na kwa anayeishi kwa kuuza vocha au kusubiri pesa ya kaka aliyeko Mwanza, gigabaiti ni kitu cha kupigiwa mahesabu. Umeme ukikatika, simu inazima. Minara imeongezeka: Mei 2023 Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini nchini. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa vilipelekwa sekta ya elimu, vikagawiwa walimu. Kwa hiyo upande huu mambo yanasogea, hata kama kwa mwendo wa punda. Mhadhiri akikubali kutuma sauti na maandishi badala ya video, nusu ya tatizo la bando inakwisha leo leo, bila mradi wala mfadhili.

Tuje kwenye siku ya mtihani.

Tuseme mwanafunzi anaishi Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, na anatumia kiti mwendo. Mtihani ni saa tatu asubuhi Bariadi. Hawezi kutoka alfajiri ya siku ile ile akategemea kuwahi, kwa hiyo anasafiri siku moja kabla. Gari la kawaida la Kanda ya Ziwa kwa safari za namna hii ni mchomoko, gari dogo la watu watano linalobeba saba. Kiti mwendo kinawekwa kwenye buti, kama buti haijajaa magunia, na dereva anadai nauli ya kiti kana kwamba ni abiria wa nane. Basi linakubali kiti lakini ngazi zake ni ndefu, kondakta ana haraka, na kubebwa mgongoni na mtu usiyemjua mbele ya stendi nzima siyo jambo ambalo msichana wa miaka 22 analizoea.

Hasafiri peke yake. Yuko na msaidizi, mara nyingi mdogo wake au binamu aliyeacha shughuli zake. Nauli mbili, chakula cha watu wawili, chumba cha gesti. Na gesti za bei ya wanafunzi zina choo cha kuchuchumaa nje, na mlango ambao kiti hakipiti. Wengi hujinyima maji tangu jana yake ili wasihitaji choo. Kwa aliyezaliwa na mgongo wazi, anayetoa mkojo kwa mpira, kujinyima maji ni kuzihatarisha figo. Huyu ndiye mtu tunayetegemea aingie chumba cha mtihani saa tatu akiwa na akili tulivu, ashindane na wenzake waliolala kwao na kunywa chai.

Halafu chumba chenyewe kiko ghorofa ya kwanza.

Hilo la ghorofa halihitaji fedha hata senti. Linahitaji mtu anayepanga ratiba ya vyumba awe na orodha ya watahiniwa wenye ulemavu mkononi kabla ya kupanga. Mtihani wa watu mia moja unaweza kushuka chini kwa sababu ya mtu mmoja. Yeye hawezi kupanda kwa sababu ya watu mia moja. Nimesikia ikijengwa hoja kwamba wanafunzi wa namna hiyo ni wachache mno kuhangaikiwa ratiba. Wachache, ndiyo. Ni wachache kwa sababu ratiba, ngazi na vyoo vimewachuja wengine kabla hawajahesabiwa.

Kingazi cha kuingilia kikiwa kimoja tu, kiti mwendo kinakwama. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Vingazi vitatu vya sentimita 15 kila kimoja vinadai njia ya mteremko ya urefu wa mita 5.4. Fundi akiambiwa aweke mteremko baada ya jengo kukamilika, nafasi anayoachiwa ni ya mita mbili, basi anajenga kitu kinachopanda wima ambacho hata mwenye kusukumwa anaogopa kurudi nacho kinyumenyume. Kinapigwa picha, kinaingizwa kwenye ripoti, hakitumiki. Mkoa mchanga kama huu una nafasi ambayo Mlimani haikuwa nayo: majengo mengi ya elimu ya juu hapa ni mapya au bado yanajengwa, ikiwemo kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Mteremko uliochorwa pamoja na msingi ni zege kidogo la ziada. Ukiongezwa baadaye ni kubomoa.

Wapo wanaosema njia fupi ni kuiondoa kabisa hiyo sehemu ya ana kwa ana, mwenye ulemavu asome na kufanya mtihani mtandaoni kwake. Sikubaliani nao, na sababu yangu ya kwanza ni ya kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Ibara ya 24 ya mkataba huo inataka elimu jumuishi katika ngazi zote. Ibara ya 9 inazungumzia kufikika kwa majengo, usafiri na teknolojia ya mawasiliano kwa pamoja, bila kuruhusu kimoja kilipwe kwa kingine. Chuo kisichojenga mteremko hakiwezi kujitetea kwa kusema kina mfumo wa mtandaoni.

Sababu ya pili inahusu maisha. Chuo kikuu ni mahali pa kupata watu. Hapo ndipo unapomfahamu atakayekupigia simu miaka mitano baadaye kukuambia kuna nafasi ya kazi. Sheria ile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, na bado kazi nyingi nchini hupatikana kwa kufahamika. Kijana aliyemaliza shahada bila kuwahi kula ugali na wanafunzi wenzake amepata cheti na kukosa kitu kingine ambacho hakiandikwi kwenye cheti. Familia nyingi zina mazoea ya kumweka ndani mtoto mwenye ulemavu, kwa kumpenda au kwa kumwonea aibu. Chuo kisije kikaongeza kufuli juu ya mlango huo na kukiita teknolojia.

Ninachokiona kuwa cha busara zaidi ni kuusogeza mtihani. Kila mwaka Baraza la Mitihani huendesha mitihani ya kidato cha nne katika shule za sekondari za Mwanhuzi, Maswa, Nyashimo na kila tarafa, chini ya wasimamizi na ulinzi wa polisi, na matokeo yake taifa zima linayaamini. Nini kinazuia Chuo Kikuu Huria, au chuo chochote chenye masomo ya mseto, kukodi chumba kimoja cha sekondari ya wilayani kwa siku za mitihani, kikaweka msimamizi mmoja na bahasha zilizofungwa kwa lakiri? Posho ya msimamizi huyo huenda ikawa ndogo kuliko nauli, gesti na chakula cha watu wawili kwa kila mtihani. Tofauti ni kwamba ya kwanza ingelipwa na chuo, na ya pili sasa inalipwa na familia ya mkulima wa pamba.

Mafunzo kwa vitendo yanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Mwanafunzi wa ualimu apangwe kwenye shule iliyo karibu na kwao, yenye madarasa yasiyo na ngazi, na apewe ratiba ya vipindi isiyomvusha uwanja mara nane kwa siku. Walimu wakuu wengi wa vijijini wana upungufu wa walimu kiasi kwamba hawatauliza maswali mengi.

Kuhusu fedha, yapo mambo mawili ya kujua. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo mbili kati yake ni za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, lakini ni ya biashara, haikukusudiwa ada wala kompyuta ya kusomea. Anayetafuta ada aelekee Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo huutambua ulemavu wa mwombaji katika kupima uhitaji. Maombi yanafanyika mtandaoni, lakini uthibitisho wa ulemavu unatakiwa uwe na saini na mhuri wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Hata hapo, kama unavyoona, kuna siku moja ya kufika mwenyewe.

Kwa hiyo wewe mzazi au kijana unayejaza maombi mwaka huu, usisubiri dirisha la mikopo likaribie kufungwa ndipo ukamtafute mganga mkuu; nenda kabla mvua hazijaharibu njia. Kisha kabla ya kulipa hata shilingi ya usajili, ipigie simu ofisi ya chuo au kituo cha mkoa uulize: mitihani inafanyikia chumba gani, choo cha karibu kina mlango wa upana gani, na nani anapokea maombi ya muda wa ziada. Jibu uombe kwa barua pepe au ujumbe wa simu, ulihifadhi. Wakikuambia hakuna aliyewahi kuuliza, waambie sasa yupo.